Chupa ya Shangazi na Miiko Yake

Mwaka nilioanza kusomesha nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, na sikumbuki jambo lolote la dunia hii ambalo nilikuwa silijui. Nilisomesha watoto wa kike darasa la nne, na saa niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya elimu ya afya. Niliwafundisha kuchemsha maji, kupiga mswaki, kula mchicha, kukata kucha na kutembea asubuhi kwenye hewa safi. Watoto walinakili yote kwa hati nzuri, kisha wakati wa mapumziko walitoka kununua ubuyu kwa bibi mmoja wa langoni, aliyeufunika kwa kanga ile ile aliyopengea kamasi. Mimi sikukata tamaa. Niliamini kwamba mtu akishaambiwa kweli, kazi imekwisha.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Malindi, nilikaa na shangazi yangu, dada wa baba, mjane aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa sijatimiza miaka minne, na baba hakukawia kumfuata. Sikuwa na mama mwingine. Shangazi alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile za vitundu vidogo vidogo vya sindano, na kofia ya viua haishonwi kwa kutembea. Alikaa juu ya mkeka wake karibu na dirisha tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri, na tangu alasiri hadi magharibi. Pembeni yake hakikukosekana kisahani cha vitamu: kaimati, visheti, au pande la halwa lililokuwa likipungua bila ya mtu kuona likiliwa. Chai yake aliitia vijiko vitano vya sukari, na ukimuuliza alikwambia kwamba cha sita humletea kiungulia.

Maradhi yalianza kwa kiu. Akimaliza kata moja ya maji anaomba ya pili. Kisha miguu ikavimba, pete zikagoma kutoka vidoleni, na ngazi zetu za mawe akawa anazipanda kwa vituo viwili, kila kituo akilaumu buibui. Siku moja nikaona sisimizi wamejipanga kuelekea chini ya kitanda chake, kwenye bakuli la haja ndogo alilolitumia usiku kwa kuogopa ngazi za chooni. Nilikuwa nimesoma habari za sisimizi wale, kwamba hufuata mkojo wenye sukari. Niliingiwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua, kwa sababu nilihesabu watu wangu duniani nikafika mmoja.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akasema ni maradhi ya sukari. Hakumpa chupa wala kidonge. Alimwambia aache vitamu, asile chakula kizito usiku, na kila asubuhi atembee nusu saa kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli, kisha arudi baada ya mwezi. Mimi aliniita pembeni, akanambia kwa sauti ya chini kwamba asipofanya hivyo, siku moja atapata kidonda kidogo mguuni kisichotaka kufunga, na hapo tutakuwa tunazungumza habari za mguu.

 Tulipofika kituo cha kwanza cha ngazi zetu ndipo shangazi alipofungua mdomo.

"Daktari gani yule hana dawa? Kaniuliza nnakula nini, nnalala saa ngapi, nnakwenda wapi, utasema anataka kuniposea mwanawe. Kisha kanambia nitembee. Kwani mimi tarishi?"

Mwezi ulipita na hakutembea hata mara moja. Nilimsomesha kila jioni kama ninavyowasomesha darasa la nne, naye alinisikiliza kwa adabu huku akimega halwa.

Ndipo alipoingia bibi wa Kidichi. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuja mjini kila Alhamisi na kikapu cha asumini, langilangi na vikuba, yaani vishada vya maua ya kunukia, akipita nyumba hadi nyumba kuwauzia wanawake. Chini ya maua alikuwa na chupa. Alhamisi hiyo aliitazama miguu ya shangazi, akatoa moja. Dawa hiyo, alisema, husafisha damu, huyeyusha riyahi, huondoa baridi yabisi, hufungua kifua, humtuliza mume mkali, humzalisha aliyechelewa, humfukuza jini asiye na kwao, na kama huna maradhi yoyote, hukuzuia usiyapate. Nilimuuliza kama inatoa na madoa ya nguo. Alisema hajaijaribu, lakini hatashangaa.

Shangazi alikwisha kuipokea. Basi bibi akamsogelea, akaanza kumpa miiko yake, kwani kwetu dawa isiyo na miiko ni supu. Mwiko wa kwanza, dawa hii haipatani na sukari, si ya chai, si ya halwa, si ya sharbati. Wa pili, baada ya magharibi usile kizito. Wa tatu, kila siku uinywe kwa maji ya kisima ulichokwenda kwa miguu yako na kuyachota kwa mikono yako, kwa sababu maji ya bomba yamelala ndani ya chuma na yana hasira. Kisima alichokitaja kilikuwa Ng'ambo, kupita Darajani, kwa miguu ya shangazi si chini ya nusu saa kwenda tu. Uende mara baada ya sala ya alfajiri. Na wa nne, njiani usiseme na mtu, isipokuwa kuitikia salamu, nayo uiitikie kwa sauti ya ndani.

Nilingoja shangazi amwambie kwamba yeye si tarishi. Badala yake aliuliza kama kidumu cha mafuta ya taa kikioshwa vizuri kitafaa kuchotea. Nilikasirika hata nikatoka chumbani. Daktari aliyesoma miaka mingi alimpa mambo matatu akayakataa, na huyu muuza vikuba kampa manne, yale yale na zaidi, akayapokea kwa mikono miwili. Nilipomkabili jioni alinijibu kwa upole kwamba daktari alimpa kazi, lakini yule bibi kampa dawa.

Akayashika yote manne. Lazima niseme hivyo, kwa sababu sijaona mtu mwingine aliyeyashika. Kila alfajiri alitoka na buibui lake na kidumu, na mtaa mzima mwanzo ulidhani amenuna. Kutoka kwetu hadi Darajani palikuwa na nyumba saba ambazo shangazi hakuweza kuzipita bila ya kuitwa ndani, na katika kila nyumba palikuwa na chai na kitu cha kushushia. Sasa alipita kimya. Mtu asiyesema hakaribishiki, na milango yote saba ikafungwa bila ya ugomvi. Mimi nilikuwa na elimu ya afya na sikuliona hilo. Niliona ushirikina tu unaotembea na kidumu.

Baada ya miezi miwili miguu ilinywea. Pete zilitoka. Ngazi alizipanda kwa pumzi moja, na sisimizi walihama. Nilifurahi, na nilichukia kufurahi kwangu, kwa sababu sifa zote zilikwenda kwenye chupa iliyosimama dirishani. Shangazi aliisifu Malindi nzima, na wanawake wakainunua. Mmoja alimtuma hamali amletee maji ya kisima pipa zima kwa mwezi. Mwingine alitembea siku tatu akihadithia njia nzima. Hawakupona, na wala hawakumlaumu mtu, maana kila mmoja aliujua mwiko alioukosea. Mimi niliona wivu. Nakiri sasa kwamba nilikuwa mwalimu mwenye cheti na nikaionea wivu chupa.

Bahati ikanipeleka Kidichi. Tuliwachukua watoto wa darasa kwenda kuitazama hamamu ya Kiajemi, bafu la kale la wafalme, na walipokaa kula nikamwachia mwenzangu, nikaenda kuulizia nyumba ya bibi wa vikuba. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mbele ya sufuria, akikoroga kwa upawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kununua au kugombana?"

Nilimwambia nimekuja kuuliza. Hakuficha. Yalikuwa majani ya mdalasini, tangawizi kidogo ipate kuwasha, na chumvi. Haimdhuru mtu, alisema, na mara nyingine humtoa mtu upepo. Nikamuuliza, sasa miiko yote ile ni ya nini? Akacheka. Mama yake ndiye aliyemfundisha kwamba muuza dawa asiye na miiko hupigwa sokoni. Mgonjwa akirudi hajapona, unamuuliza tu: ulikwenda kisimani kila siku? Hukusema na mtu? Hukuonja halwa? Tangu aanze biashara hajapata mtu wa kumjibu ndiyo.

"Nliiweka migumu makusudi," alisema, "ili asiiweze mtu."

Nikamwambia kwamba shangazi yangu anaiweza. Yote minne, mwezi wa tatu huu.

Upawa ulisimama. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Na hasemi?"

"Hasemi."

Aliketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na usoni nilimwona amesikitika kwa dhati. "Masikini," alisema. "Mwambie Ijumaa apumzike."

Nilirudi mjini nikiwa nimebeba ushindi wangu. Siku ya pili yake, tulipokwisha kula mchana, nilimweleza shangazi kila kitu: majani, tangawizi, chumvi, na habari ya muuza dawa asipigwe sokoni. Nikamalizia kwa maneno niliyoyapanga vizuri, kwamba hakuponywa na chupa, ameponywa na miguu yake mwenyewe na kuacha sukari, kama daktari alivyosema. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimemvua deni la muuza vikuba na kumvika sifa yake mwenyewe.

Shangazi alimaliza kunawa. Akaichukua chupa dirishani, akaimwaga karoni, akaiosha, akaisimamisha kichwa chini ipate kukauka.

Alfajiri iliyofuata alisali, akarudi kitandani. Nikamuuliza, na kisimani?

"Kufanya nini?"

"Kutembea. Ndiko kulikokuponya."

"Mie nlikuwa nnakwenda kufuata maji ya dawa. Dawa hamna. Sasa maji n'yatie wapi?" Akavuta shuka. "Umeniondolea dawa, mwanangu, umeniachia adhabu."

Nilibishana naye wiki nzima na kila hoja ilikuwa yangu. Alhamisi akanunua halwa. Milango saba ikafunguka tena, kwa shangwe, maana majirani walikuwa wamemkosa kweli, na kila mmoja alikuwa na miezi mitatu ya habari za kumhadithia. Kisahani kikarudi pembeni ya mkeka, na baada ya kisahani, kiu.

Haukupita muda mrefu, msuruaki wa mtalawanda, kile kijiti cha kiatu cha mti kinachobanwa na vidole, ulimchubua kati ya kidole gumba na cha pili. Alikificha kidonda kwa kitambaa cha kanga. Nilikigundua kwa harufu. Ukingo wake ulikuwa umegeuka rangi, na kidole cha pili kilikuwa kimevimba. Nilimpigia magoti aende hospitali. Alikataa, akasema watamkata. Nilimchorea picha ya mishipa ya damu kwenye karatasi ya shule, nikamweleza sukari inafanya nini. Aliitazama kwa makini, akasema mchoro mzuri. Nilikwenda jikoni nikalia. Sauti ya chini ya daktari ilikuwa masikioni mwangu, na niliyeifanya iwe kweli ni mimi, kwa kusema kweli.

Jumamosi nilipanda gari la shamba, nikarudi Kidichi. Niliomba chupa. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunicheka, jambo ambalo namshukuru kwalo hadi leo. Alisema ile ya zamani imekwisha, imetukanwa na kumwagwa karoni, na hakuna atakayeiheshimu tena. Itabidi iwe nyingine, yenye nguvu zaidi na miiko mikali zaidi. Basi tukaketi, yeye na mimi, tukaitunga.

Mimi nilitaja vitamu na chakula cha usiku. Kisha nikasema kidonda kioshwe na kufungwa kila siku ya pili na mtu aliyevaa nguo nyeupe. Bibi alitikisa kichwa. Wanaume wote wa mjini wamevaa kanzu nyeupe, alisema, shangazi yako atafungwa kidonda na muuza kahawa. Tukaongeza: awe na harufu ya dawa mikononi, na awe ndani ya hospitali. Nikataja kutembea, hapo akanikata kauli. Mguu mbovu unakwenda wapi? Mguu huo ukae juu ya mto mpaka upone. Niliona haya, maana mwenye cheti nilikuwa mimi.

"Sasa maji nani atayachota?" nilimuuliza.

"Aliyeitukana dawa," alisema. "Kwa miguu yake, kila alfajiri, bila ya kusema na mtu. Na asionje kitamu mpaka mgonjwa apone."

Nilimwambia mimi siumwi.

"Mdomo wako unaumwa," alisema, na akatia mbegu za mzingefuri ili dawa iwe nyekundu.

Alhamisi alikuja na kikapu chake, akamwekea shangazi chupa nyekundu mbele ya mkeka, akamsomea miiko mmoja mmoja kwa uso mkavu. Mimi nilikaa pembeni nikitazama mkeka, nikiyasikia maneno ya daktari yakitoka chini ya asumini. Ulipofika mwiko wa mtu aliyetukana dawa, shangazi alinigeukia.

"Hii mna nini ndani yake?" aliniuliza mimi, si bibi.

Mbele ya macho yangu walipita watoto wote wa darasa la nne na madaftari yao.

"Sijui, shangazi," nilisema. "Lakini nguvu yake kubwa."

Jumatatu akaenda kufungwa kidonda. Mfungaji alikuwa kijana mpole, na shangazi alimnusa mikono kwanza ndipo akampa mguu.

Nilichota maji miezi mitano. Wanafunzi wangu waliniona alfajiri, wakienda chuo cha Kurani, nikipita Darajani na kidumu cha mafuta ya taa, nikisalimiwa na kutikisa kichwa, na habari ilienea shuleni kwamba mwalimu wa afya ana jini. Sikuweza kukanusha, njiani nilikuwa sisemi. Chai isiyo na sukari niliiona chungu wiki ya kwanza, ya pili nikaizoea, ya tatu nikaanza kuijua ladha ya majani yake. Kidole cha pili kilikatwa. Mguu ulibaki.

Kidonda kilipofunga vizuri shangazi akavaa viatu vya ngozi, akachukua kidumu kutoka mkononi mwangu na akatoka. Sharti langu lilikuwa limekwisha. Nilikaa ngazini kidogo, kisha nikachukua buibui langu nikamfuata. Tulikwenda hivyo miaka, asubuhi baada ya asubuhi, wanawake wawili wasiosemezana, na sijapata kuwa karibu na mtu kama nilivyokuwa karibu naye kwenye njia ile. Hakuniuliza tena dawa ina nini. Alifariki mzee sana, kwa homa, akazikwa na miguu yake yote miwili.

Sasa nimefika umri aliokuwa nao alipokufa, na sukari haikunisahau. Daktari wa safari hii ni msichana, mjukuu wa mmoja wa wanafunzi wangu, na aliniamkia vizuri kabla ya kunipa habari. Alinipa vidonge na karatasi iliyopigwa chapa: acha vitamu, usile kizito usiku, tembea kila asubuhi. Niliisoma nikimsahihishia nukta na mikato. Nilimwambia hayo nilikuwa nayasomesha kabla mama yake hajazaliwa. Vidonge nikavimeza, kumeza si kazi. Karatasi nikaikunja vizuri nikaitia mtotoni mwa kabati, droo ya chini, na mwezi mzima nikakaa dirishani na kisahani.

Kisha wiki iliyopita nilinunua majani ya mdalasini. Niliyachemsha na tangawizi na chumvi, nikatafuta mbegu za mzingefuri, nikatia chupani, nikaisimamisha dirishani. Najua kila kilichomo ndani yake, nimekikoroga mwenyewe. Kisima cha Ng'ambo kimefukiwa siku nyingi, kwa hiyo nimeamua kwamba bomba la msikiti wa kule kule litafaa, na hasira zake nitazistahimili. Siku ya pili yake, baada ya sala ya alfajiri, nikatoka na kidumu. Jirani yangu alikuwa mlangoni mwake, akanisalimu, akanambia karibu chai, ana kaimati za moto. Nikamwitikia salamu kwa sauti ya ndani, nikapita.